Lukresia wa Kwa Sadala anaweka akiba ya maneno

Saa mbili asubuhi, sokoni Kwa Sadala wilayani Hai, Lukresia anapiga kofi mkungu wa ndizi kama anayeamsha mtoto wa shule.

"Hii ni ya mtori," anamwambia mteja. Jina la aina hiyo ya ndizi za supu, mchare, limemtoka tena. Anacheka. "Ina jina lake. Litarudi likichoka kutembea."

Lukresia ana miaka 57, na 23 kati ya hiyo ameuza ndizi hapa. Sasa maneno yanampotea moja moja, na anachopigania ni kubaki nayo kadiri atakavyoweza.

Yalianza kumpotea miaka miwili iliyopita, wala mwanzoni hakuna aliyeshtuka. Neno la Kiswahili likigoma, aliweka la Kichagga. Mfereji ukawa mfongo. Wateja wa mlimani, Wachagga wenzake, wakaitikia tu.

Nyumbani, alipozidi kunyamaza, mumewe Antoni akadhani amenuniwa. Akakata jani la isale, akampelekea kwa mikono miwili, kama Wachagga wanavyoomba msamaha.

"Kosa lenyewe sikulijua," anasema Antoni.

"Nikalipokea," Lukresia anadakia. "Mwanaume hakosi kosa."

Aliyeshtuka ni Sulochana, mwenye mgahawa mjini Moshi, asiyejua Kichagga. Alimwita Violet, binti wa Lukresia. "Mwanangu, mama yako ananionyesha kwa kidole ndizi alizoniuzia miaka kumi. Mpeleke hospitali."

Huko Lukresia akavishwa kofia yenye nyaya za kusoma umeme wa ubongo. "Nikamuuliza daktari kama inashika na redio," anasema.

Kipimo hicho, pamoja na picha za ubongo, kilionyesha kuwa sehemu inayoshughulikia maneno imeanza kubadilika utendaji wake, ingawa kumbukumbu bado nzima. Daktari aliwaambia ugonjwa huo wa kupoteza maneno huendelea polepole. Dawa ya kuuponya haijapatikana, ila mazoezi ya kutamka husaidia kuyashikilia maneno.

Basi wenye wazazi, sikieni. Mama akianza "kile kitu, kile kitu" kila saa, msikimbilie kusema ni uzee, kiburi au pombe ya mbege. Miaka miwili ilipita Violet akisema mama kachoka tu.

Desemba Violet anaolewa, na kwenye sherehe ya kumuaga, mama humuasa binti mbele ya ukoo. Lukresia ameshajirekodi kwenye simu akimuasa, mara tatu, maana mara mbili za kwanza jogoo aliingilia.

"Siku hiyo nikiwa nayo maneno, nitasema mwenyewe," anasema. "Yakinikimbia, Antoni atabonyeza simu. Mimi nitakuwa nacheza."