Kibuyu cha Mama na Mashine ya Nairobi

Jamani, leo mashine ya Nairobi imemchongea mamangu!

Nimeazima kompyuta ya mradi hapa Garsen, kwa hivyo nasema haraka.

Mnajua kazi yangu: kukusanya vumbi la maua ya mathenge. (Ndiyo, mti uleule unaong'oa meno ya mbuzi, uliozagaa zaidi baada ya mafuriko ya Elnino.) Maabara ya Nairobi hulitumia kutengeneza dawa ya kupima watu wenye mzio, ile inayochomwa mkononi.

Leo mkemia wao amenipigia simu, niko na Mama ofisini.

"Dada, huko kwenu kuna maziwa?"

"Wapi! Chupa niliifunga mwenyewe."

"Basi yametoka wapi? Mashine yetu hupima uzito wa kila protini. Imeona ya mathenge, na imeona ya maziwa ya ng'ombe."

Mtoto asiyepatana na maziwa angevimba mkono, daktari alaumu mathenge! Nikajua kazi imeota mbawa.

Nikamgeukia Mama.

"Chupa ilitoka jasho," akasema, hana hata wasiwasi. "Vumbi lako nikalitia kwenye kibuyu changu kizuri cha maziwa, kile cha wageni. Lilipokauka nikalirudisha."

Mkemia alisikia. Alicheka mpaka akakohoa! Mzigo wote unatupwa, tunaanza upya, lakini kazi ninayo. Nyie mngecheka au mngelia?

Mama akaninyang'anya simu.

"Mwanangu, hiyo mashine imesema maziwa yameharibika?"

"Hapana, mama. Haikusema hivyo."

"Basi andika hapo: kibuyu ni safi."