Assistant alikosa kuona kosa mu preuve yangu

Leo assistant wa logique, mwalimu wetu ku université, alinipatia zéro mbele ya wanafunzi wa auditoire yote!

"Mademoiselle, preuve yangu ya kuhakikisha jibu iko na mistari kumi. Yako tano tu. Uliibia nani?"

Kuiba? Mi? Nikaomba craie ya kuandikia, nikaenda ku tableau.

Tulipewa hivi: kama P, basi Q. P ao R. Q haiko kweli. Tuhakikishe R.

Nikaandika: Q haiko, basi P nayo haiko. P haiko, basi inabakia R. Ndugu zangu, ni yote!

"Assistant, unionyeshe mustari wenye kosa."

Akaangalia. Akaangalia tena.

"Iko juste. Lakini zéro inabakia, juu ya kiburi."

Kiburi iko mustari wa ngapi?

Kesho asubui niko ku mulango ya doyen, mukubwa wa kitivo, nikiwa na karatasi yangu. Nani ananisindikiza?