Bihogo Aingia Sinema

Kila mara gari la sinema lilipopanda kutoka ziwani na kusimama kwenye uwanja wa misheni, Sebarenzi alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuridhika. Alikuwa mfugaji wa milima ya juu ya Masisi, mtu mrefu mwenye fimbo na koti zito la mvua ambalo hakulivua hata jua likiwaka, na maziwa yake yalisifiwa mpaka Nyabiondo, kwa wakulima wa chini. Hakuwa mpenzi wa sinema, alisema mwenyewe. Alikwenda tu kuangalia kama Wazungu wamejifunza chochote tangu mara ya mwisho. Asubuhi iliyofuata, waliokuja kununua maziwa walipewa kwanza hukumu yake, na aliyekuwa na haraka alijifunza kuiacha nyumbani.

Filamu zote alizipima kwa ng'ombe. Ile ya makoboyi ilimkosesha usingizi. Ng'ombe walijaa bonde zima, wengi kuliko mawe ya mtoni, na hapakuwa na hata mtu mmoja aliyekamua. Hakuna aliyemwita ng'ombe kwa jina lake. Wanaume walipigana kwa bastola kwa sababu ya mifugo, jambo ambalo Sebarenzi alilielewa vizuri, lakini aliyeshinda akapanda farasi akaenda zake bila kuchukua hata ndama. Mtu wa namna hiyo, alisema, ameua bure.

Filamu ya kuzaliwa kwa Bwana aliipokea kwa heshima, akavua kofia na kupiga magoti kwenye majani yenye umande. Hata hivyo, alimwambia baadaye Padri, mwenye lile gari, kwamba ng'ombe wa kwenye lile zizi alikuwa amekonda kupita kiasi, na kwamba mwenye zizi, kabla ya kulaumiwa kwa kumnyima Maria chumba, alipaswa kulaumiwa kwa hilo. Ile ya kuchekesha, ya mtu mnene aliyekuwa akianguka na baiskeli kila penye kona, ilimchekesha mpaka mkewe Mukandori akamshika koti yeye pia asianguke. Lakini kulipokucha alikuwa ameshaitupa. Mtu ameanguka vile, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama ameumia.

Na kulikuwa na filamu ya mapenzi. Kijana na msichana walisogeleana, wakatazamana kwa karibu sana, picha ikarukaruka kwenye kitambaa, na mara walikuwa mezani na mtoto. Vijana walipiga kelele kwamba Padri amekata kipande. Sebarenzi alikubali kwamba kipande kimekatwa, ila alijua ni kipi: ni pale walipotoa mahari. Wazungu walikuwa wametoa kidogo mno, wakaona aibu ya kukionyesha.

Hukumu aliyoipenda kuliko zote ilihusu mtu mmoja mwenye kovu, aliyepigwa risasi kifuani katika filamu moja, kisha akaonekana katika nyingine akiuza nguo dukani, mzima kabisa, kovu lile lile. Tangu siku hiyo Sebarenzi alitangaza kwamba yeye hadanganyiki tena. Katika sinema hakuna anayekufa, alisema. Watu wanalipwa kulala chini.

Kiangazi hicho Padri alikuwa amekuja Nyabiondo na mashini ya kupigia picha, akitaka kutengeneza filamu ya kufundisha watu kulima vizuri na kuzungushia mashamba ua. Alihitaji ng'ombe mmoja. Sebarenzi alimtoa Bihogo, aliyempenda kuliko wote, mwenye rangi ya udongo ulionyeshewa. Alimpaka siagi kwenye pembe, akamkabidhi bila hata kuuliza ataigiza nini, kwa sababu ng'ombe kama yule, angeonyeshwa kwa nini kama si kwa maziwa yake? Mwenyewe hakwenda kutazama. Siku hiyo ng'ombe mwingine alikuwa anazaa.

Mtu wa kuigiza naye alikuwa Védaste, mtoto wa wakulima wa maharage wa hapo hapo Nyabiondo, na Védaste ndiye aliyekuwa akimtaka Daphrose, binti wa Sebarenzi. Mzee alikuwa ameshakubali, lakini kwa nusu ya mdomo. Hakuwa na neno baya juu ya kijana. Alikuwa na neno moja tu, na alilirudia kila jioni zizini: binti yake ataondoka na ng'ombe wa kuanzia maisha, na huko aendako kila mtu anashika jembe. Nani atamwangalia yule ng'ombe? Mtu wa maharage anamjua ng'ombe kwa mkia tu, anapomfukuza shambani.

Hata hivyo siku ilikuwa imepangwa. Ukoo wa Védaste ungepanda Jumapili na pombe yao ya ndizi kuja kufunga maneno. Alhamisi ya juma hilo, gari la sinema likarudi na filamu ya Nyabiondo.

Sebarenzi alikuwa amewaita majirani wote kuja kumwona Bihogo. Giza lilipoanza kuingia, alikaa mbele kabisa, Mukandori kulia kwake na Daphrose kushoto. Védaste alikaa nyuma na wenzake, amevaa shati jipya, kwa sababu Padri alikuwa amemwambia kwamba watu wote watamtazama yeye. Hakujua zaidi ya hapo. Siku moja alikuwa ameambiwa alale chini ya mgomba, siku nyingine anywe maji kwenye kibuyu, siku ya tatu ayumbeyumbe njiani kama mwenye mwiba mguuni. Hakuna aliyemwambia kwamba siku hizo zitashonwa pamoja.

Kitambaa kikawaka. Karani Gustave, msemaji wa gari, alisimama kando na kipaza sauti chake, kwa Kiswahili chake cha tai na viatu, akaeleza kwamba huyu wanayemwona ni mvivu mkubwa wa kijiji. Mvivu alikuwa Védaste. Alikunywa kibuyu kizima, eti cha pombe, akayumba njia yote, akaanguka chini ya mgomba akalala, na shamba lake likabaki bila ua.

Watu walicheka, kisha wakageuka kumtazama mtu aliyevaa shati jipya, wakacheka tena. Sebarenzi hakucheka. Aliinama kwa mkewe akasema kwamba mambo ya Jumapili yamekwisha. Wakipanda, watakunywa pombe yao wenyewe na kushuka.

Mukandori alimgeukia. Alikuwa mwanamke asiyepoteza maneno.

“Papa Daphrose, si weye njo ulisema mu sinema watu wanalipwa kwa kulala chini?”

“Wale walikuwa Wazungu. Huyu namujua mpaka baba yake. Kuyumba namna ile hakufundishwe siku moja.”

Daphrose aliyasikia yote mawili. Alikuwa ameshika pindo la kitenge chake kwa mikono miwili, macho yake kwenye kitambaa, kama mtu anayesubiri jambo.

Ndipo Bihogo akatokea. Majirani wakanong'ona jina lake. Siagi ilimeremeta kwenye pembe, hatua zake zilikuwa za taratibu kama za bibi harusi, na Sebarenzi akanyoosha shingo. Bihogo akatembea moja kwa moja akaingia kwenye maharage ya mlevi aliyelala, akaanza kula.

“Na huyu, wapendwa,” alisema Gustave, “ni ng'ombe asiye na adabu, wa mtu asiye na adabu.”

Sebarenzi akainuka. Kivuli cha koti lake kikafunika nusu ya shamba.

“Simamisha mashini. Bihogo hajaingia mu shamba ya muntu tangu kuzaliwa kwake. Rudisha nyuma, tuone ni nani alimusukuma.”

Gustave alimweleza kwa upole wa ofisini kwamba sinema haihojiwi. Sebarenzi akageukia umati, akapiga fimbo chini, akaanza kumsifu Bihogo kwa sauti ile wanayotumia wafugaji mbele ya wageni wakubwa: Bihogo asiyegusa kisicho chake, apitaye kando ya mtama uliokomaa bila kugeuza shingo, ambaye mama yake na mama wa mama yake walikunywa mto mmoja na hawakuuchafua. Wafugaji waliokuwepo wakaitikia. Wakulima, ambao waliwahi kuliwa maharage na ng'ombe wengine wengi, walinyamaza kwa adabu.

“Rudishia muzee,” mtu akasema gizani. “Ule njo bibi yake wa pili.”

Watu walicheka sana, na Gustave, aliyeona kwamba vinginevyo hawatalala, akarudisha.

Safari hii Sebarenzi hakumtazama mtu. Alimtazama Bihogo tu, kama alivyomtazama kila asubuhi akitoka zizini, na aliona asichokuwa amekiona mara ya kwanza. Bihogo alisimama kwenye ukingo wa shamba. Hakutaka kuingia. Masikio yake yalielekea mbele, kwa mlevi. Na mkono wa mlevi, ule uliotupwa nyuma ya mgongo wake kana kwamba umekufa, ulikuwa hai: kiganja wazi, kitu cheupe ndani yake, na vidole viwili vikijikunja na kujikunjua polepole. Bihogo alivifuata vile vidole. Maharage aliyapitia tu njiani.

Vidole viwili. Katika mlima wote ni nyumba yake peke yake iliyoita ng'ombe hivyo.

“Daphrose,” alisema bila kugeuka. “Ule kijana anashika nini mu mukono?”

“Chumvi, Papa.”

“Na ile ya vidole, nani alimufundisha?”

Daphrose hakuondoa macho kwenye kitambaa.

“Tazama sinema, Papa.”

Sebarenzi alitazama. Alikumbuka kwamba binti yake ndiye aliyepeleka chumvi malishoni kiangazi kizima, na kwamba alikuwa akichelewa kurudi. Hapa tena palikuwa na kipande kilichokatwa, na safari hii hakuweza kusema ni cha mahari. Mukandori alikuwa akikohoa ndani ya kitenge chake, kikohozi kirefu cha mtu asiyeumwa kifua. Filamu ikaenda mpaka mwisho, mkulima hodari akavuna, Gustave akawatakia watu bidii, na mashini ikazimwa.

Jumapili, ukoo wa Védaste ulipopanda na pombe yao, mshenga alisafisha koo na kuanza kueleza kwa maneno mengi yaliyopambwa kwamba kijana wao si mlevi wala mvivu, na kwamba yale ya Alhamisi yalikuwa mambo ya Padri. Sebarenzi alimkatiza. Alifungua zizi, akampa Védaste chumvi kidogo, akamwambia asimame kule mbali.

“Muite.”

Védaste akafungua kiganja. Bihogo aliinua kichwa, akawapita wazee, akaupita mtungi wa pombe, akaenda kulamba mkono wake. Sebarenzi akamwambia mshenga aketi, anywe, maneno yamekwisha.

Asubuhi yake wanunuzi wa maziwa waliipata hukumu. Ile filamu ni mbaya, alisema Sebarenzi. Ua haukuzungushwa vizuri, karani anasema sana, na ng'ombe amesingiziwa mbele ya watu. Padri angekuwa mtu wa kusikia, angeikata yote na kubakiza ule mkono. Na yule mvivu? Hakufaa kabisa. Mvivu wa kweli asingeweza kumwita Bihogo.