Bamama mlangoni kwa kaka

Ujinga nilioanza nao ni huu: kaka yangu mkubwa aliponiambia hataki tena kuishi, nilimjibu, "Sawa, uniachie ile shati ya bluu."

Nilikuwa mdogo. Walimu wangu watasema sijabadilika. Leo nikitoka masomo nimepita penye muhogo uliolowekwa, ule mnuko unaoganda kwenye nguo, nikamwona tena akilini kaka wa siku ile, amelala, uso ukutani, hivyo hivyo tangu rafiki yake azame ziwani.

"Mudogo," alinijibu polepole, "mi sichezi."

Nilikimbia mpaka kwenye shimo la maji ambapo mama alikuwa anatoa muhogo wake. Nikamwambia yote, hata habari ya shati. Akabeba beseni la muhogo, akaenda kukaa mlangoni kwa kaka.

"Mutoto wangu, unawaza kujiua?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hautabaki peke yako."

Bamama majirani wakaja na mabeseni yao. Kila siku walikaa pale, wakimenya kwa vidole na kusengenya kijiji kizima, na usiku mama alilala kando yake. Hakuna aliyemwambia ajikaze. Siku moja kaka akanyoosha mkono, akachukua kipande, akaanza kuchomoa nyuzi.

"Ona vile anamenya! Nani atamuoa huyu?" mama mmoja akapiga kelele.

Kaka akacheka. Mimi, mcheshi wa nyumba, nikalia.

Mama yetu akanivuta pembeni. "Siku ingine muntu akikuambia vile, uniite. Hata kama niko naoga, uniite."