Ng'ombe Aliyekataa Kushuka Mtumbwini

Wakati wa vita wanajeshi wa kigeni waliokaa upande wa Kapalata walimaliza mbuzi wa mtaa wetu pale Mangobo, kisha wakaanza kuulizia ng'ombe. Ng'ombe alikuwa mmoja tu, wangu mimi, niliyeachiwa na marehemu papa, baba yangu, tena alikuwa na mimba. Aliyewaonyesha lango letu ni jirani, fundi viatu, aliyenisalimia kila asubuhi. Namtaja. Aibu ni yake.

Dawa ilikuwa moja, kumvusha mto hadi shambani kwetu Lubunga. Lakini wapiga kafi humfunga ng'ombe miguu na kumlaza mtumbwini kama gunia la makaa. Kwa tumbo lile angepoteza ndama. Basi tonton, mdogo wake papa, akasema atamfundisha kupanda kwa miguu yake mwenyewe.

"Miaka makumi mbili unashindwa kunifundisha mimi kunyamaza," tantine, mke wake, akamwambia, "alors ngombe ndio utaweza?"

Tonton akaokota mtumbwi mzee, umeoza ncha zote mbili, tukauweka uani juu ya magogo. Maganda ya ndizi tuliyaweka katikati. Siku ya kwanza ng'ombe alitia mguu mmoja, akatuangalia kama watu wasiolipa kodi. Siku ya nne aliingia mzima. Tukaanza kuutikisa, mimi huku, tantine kule, tonton akipiga kelele, "Mawimbi! Mawimbi makali!" Ng'ombe alikula tu. Akimaliza, anatokea ncha ya pili, anaenda zake. Tukaona amehitimu. Mimi sikufika darasa la tatu, yeye alinipita.

Asubuhi tuliposikia wanajeshi wameingia mtaa wa nyuma, tukamtoa mbio hadi mtoni. Akapanda bila kuvutwa. Wapiga kafi walibaki midomo wazi.

"Muniite mwalimu," tonton alisema mto mzima.

Lubunga tukafika, mdomo wa mtumbwi ukagusa mchanga, na mwanafunzi wake akakataa kushuka. Alisimama akiangalia maji mbele yake, nchi kavu iko nyuma ya mkia. Tonton akavuta mkia, akapata mavi shati zima. Akavuta tena, mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia. Mimi nililia. Angeanguka na tumbo lile, yote bure.

"Bon, papa," mpiga kafi mkubwa akasema, "watu wananingojea ngambo. Kama ngombe yako haishuke, inarudi na mimi."

Irudi kwa nani? Kwa wale wale.

Tantine alikuwa ameketi mchangani, anakamua maji kwenye kitambaa chake. Akasema pole pole, "Kwetu anaingiaka huku, anatokaka kule. Nani alimufundisha kutembea kinyumenyume? Mugeuze mtumbwi."

Wakaugeuza, ncha ya nyuma ikaja mchangani. Ng'ombe akaona nchi kavu mbele ya pua, akashuka kama mama anayetoka misa, hata hakutazama nyuma. Ndama alizaliwa palepale Lubunga, jike, mzima.

Fundi viatu hakuniomba samahani hadi leo. Tonton naye namtaja: kwenye kila matanga anaeleza jinsi yeye, kwa akili yake, alivyogeuza mtumbwi. Tantine humwacha amalize, kisha anamuuliza mbele ya watu:

"Na mavi ya kwenye shati, mwalimu, ilitoka wapi?"