Soksi za Mtoto wa Tumaini

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naitazama mikono yangu. Wazazi wetu walikuwa wamefariki zamani, na mimi, mkubwa wa watoto wanne, niliishia darasa la tano ili wadogo zangu wapate kula. Mdogo wangu Tumaini alishikwa na uchungu kabla ya miezi kutimia, tukatolewa kwetu Nanyala, huko Mbozi, na gari la wagonjwa hadi hospitali kubwa, akazalishwa kwa upasuaji.

Pale walimpitishia mtoto mpira mwembamba kwenye mshipa wa kitovu, wapate kumpima damu bila kumchomachoma. Tumaini alikuwa hajiwezi kwa upasuaji, kwa hiyo daktari alinieleza mimi. Alisema mpira ule husaidia sana, lakini unaweza kuingiza vijidudu kwenye damu, au kuzuia damu isifike miguuni.

"Umeelewa, dada?"

Nikasema nimeelewa. Sikuelewa hata nusu. Niliona aibu kumwomba arudie, asije akajua nimeishia wapi na shule.

Sasa, unaijua baridi ya Mbozi mwezi wa saba. Kwetu mtoto mchanga hafunuliwi miguu. Wanawake wakiiona iko wazi watamsema mama yake wiki nzima. Nami nikamkuta mtoto wetu ana kofia, lakini miguu mitupu chini ya taa ya joto. Nikajua wamesahau. Nilikuwa nimemfumia soksi za sufu. Muuguzi alipogeukia mtoto mwingine, nikanawa mikono kama tulivyofundishwa, nikamvalisha, nikaenda kumpa Tumaini uji huku nikijisifu.

Niliporudi mchana, muuguzi mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Itaka, jirani na kwetu, alikuwa amezishika soksi zile. Vidole vya mguu mmoja vilikuwa vimegeuka rangi ya zambarau. Daktari alikuwa anauchomoa mpira.

"Nani kamvalisha?" muuguzi akauliza.

"Mimi, mama. Niliogopa baridi."

"Na taa hii tumeiweka pambo? Miguu tunaiacha wazi tuione rangi yake." Akaniangalia kidogo. "Hukuambiwa?"

"Niliambiwa. Sikuelewa, nikaona haya kuuliza."

Akavuta kiti, akanikalisha. "Mimi hapa naulizwa jambo moja mara kumi kwa siku, na bado sijafa. Uliza."

Nikamuuliza kama ni soksi zangu zilizomdhuru, tukakaa tukiutazama mguu ule. Aliniambia mpira ungeweza kuziba damu hata bila soksi zangu, ila wangeona mapema. Rangi ilirudi polepole, kidole kimoja baada ya kingine. Kile cha mwisho hakikurudi. Kilikauka, baada ya majuma kikakatika. Siku ile ile nilikuwa nimemweleza Tumaini mimi mwenyewe, kwa kinywa changu. Alilia sana, kisha akasema, "Dada, hata mimi ningemvalisha."

Mwanangu, ukifika na mtoto kwenye chumba kama kile, usikatae mpira kwa sababu ya hadithi yangu. Mtoto wetu alipona, leo anatembea. Ila usiitikie usichokielewa. Sema, nirudilie, tena kwa Kiswahili chepesi. Ukiona kitu kimeachwa wazi, uliza kabla hujakifunika. Na ukikosea, sema upesi, maana mguu wa mtoto hausubiri aibu yako iishe.

Mungu akujalie watoto waliotimia miezi. Asipokujalia hivyo, akupe ulimi usioogopa kuuliza, na akukutanishe na watu wa kukuvutia kiti.