Uzi wa Mshonaji Ukutani

Nyumbani kwao walimwita Kunguru. Hakuwa mweusi kuliko wenzake, na kelele hakuwa nazo hata chembe. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa mwoga, na kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Alikuwa fundi rangi aliyehitimu chuo cha ufundi, na kazini hakupanda ngazi kabla ya kuitikisa, kuizunguka, kisha kuitikisa tena. Kaka zake walisema kwamba siku ya harusi yake ataanza kwa kumtikisa bwana harusi.

Siku hiyo alikuwa akiendesha pikapu ya mama yake mdogo, mshonaji, ambaye alikuwa akipeleka sare za shule mji wa pili. Daraja la barabara kuu lilikuwa limefungwa, wakaelekezwa njia ya nyuma. Kunguru hakuipenda njia hiyo tangu mwanzo. Ilikuwa nyembamba, yenye mashimo, na haikuwa na mtu wa kumuuliza lolote.

Ghafla wakatokea kwenye mtaa wa majengo ya zamani: ghala la pamba lisilo na paa, maduka yenye milango ya mabati iliyoliwa na kutu, baraza zenye nguzo nene. Kuta zote zilikuwa zimechorwa. Katika michoro hiyo, mwuza maziwa alisukuma baiskeli, wasichana waliruka kamba, kinyozi alinoa wembe. Kwenye jengo la mwisho, la ghorofa moja, palichorwa mshonaji mkubwa kuliko mlango, ameinamia cherehani.

“Simama! Simama hapo hapo!” Mama mdogo alipiga kofi dashibodi. “Wamenichora mimi!”

Hata kabla gari halijatulia, alikuwa amekwisha kushuka. Akaenda kuketi kwenye kizingiti chini ya ule mchoro, akaweka shingo upande kama bibi harusi.

“Haya, nipige picha. Na cherehani ionekane.”

Kunguru akainua simu.

“Ila mchoraji huyu hajui kushona,” mama mdogo akaendelea, huku akitazama juu. “Ona uzi wake ulivyoachana. Wa upande huu hauji kabisa kwenye sindano. Ningekuwa mimi, ningemfumulia kazi yote.”

Kunguru akautazama uzi. Ulitoka kwenye kibiringo, ukakata ukuta ukiwa umenyooka kama uliopigwa kwa kamba ya chokaa. Kisha ukakatika, na upande wa pili ukaendelea, umenyooka vilevile, lakini chini kwa upana wa kidole. Mkono unaochora hivyo haukosei kidole kizima. Uzi ulichorwa mzima. Ukuta ndio uliohama.

Palipokatika uzi palikuwa na ufa, na juu ya ufa huo fundi fulani alikuwa amebandika kipande cha plasta, kile ambacho mafundi hukiita shahidi: kikibaki kizima, ukuta umetulia, kikivunjika, ukuta bado unatembea. Shahidi huyu alikuwa amevunjika vipande viwili, na kingo zake zilikuwa nyeupe kama meno. Katika mtaa wenye vumbi kiasi kile, hakuna kitu kinachobaki cheupe kwa siku nyingi.

“Mama mdogo, toka hapo.”

“Piga kwanza.”

“Nakuomba utoke. Ukuta unatembea.”

“Unakwenda wapi? Sokoni?” Akacheka mpaka mabega yakatikisika. “Wewe Kunguru, juzi uliiogopa ngazi yangu ya jikoni, nayo haimfikii mtu kiunoni!”

Hapo ndipo Kunguru alipoielewa hasara yake. Miaka yote alikuwa ametangaza hatari mpaka neno lenyewe likachujuka, na leo, alipolihitaji, halikuwa na rangi. Chembe za mchanga zikamdondokea mama mdogo begani. Akazipangusa bila kutazama zilikotoka.

Miguu ya Kunguru ilitaka gari. Ubawa wake wote ulimvuta huko. Badala yake akatembea, akaingia chini ya ukuta, akaketi kwenye kizingiti bega kwa bega na mama yake mdogo.

“Sasa picha atapiga nani?” mama mdogo akauliza. Kisha akaushika mkono wa Kunguru, akaukuta baridi, unatetemeka kama cherehani. Kicheko kikaisha. “Mwanangu, kama unaogopa hivi, umefuata nini huku?”

“Nimekufuata wewe. Hutaki kutoka.”

Juu yao kitu kikalia kidogo, mlio mkavu, kama kijiti kinachovunjwa. Mama mdogo akainuka. Hawakukimbia; walitembea wameshikana mikono mpaka ng'ambo ya barabara, bila kugeuka.

Kunguru akatoa nyuma ya pikapu kopo la rangi nyekundu aliyobakiza kazini, akaandika HATARI kwenye ubao, akausimamisha mbali na baraza. Herufi zilipinda, zile za kwanza kupinda tangu atoke chuoni, na mama mdogo hakutania. Mwenye duka pekee lililokuwa wazi mtaani akawapa kamba, wakaifunga kuziba baraza, kutoka nguzo hadi nguzo ya jirani.

Jioni, daraja likiwa bado limefungwa, walirudi kwa njia ileile. Ukuta ulikuwa bado umesimama. Kunguru akaanza kusikia kichwani vicheko vya kaka zake.

Mama mdogo akashusha kioo, akautazama uzi. Jicho lake lilikuwa limepima vitambaa miaka yote bila kuhitaji futi.

“Umeachana zaidi,” akasema, kwa sauti ndogo ambayo Kunguru hakuwahi kuisikia kwake. “Pita pembeni kabisa, mwanangu. Polepole.”